Sataranji ya Shikamoo

Kule Mjambere, kabla ya uhuru, palikuwa na mzee akicheza sataranji kwa sheria zake mwenyewe. Watu walidhani naenda barazani kwake kwa kupenda mchezo. Wallahi, mimi nilimpenda binti yake. Nilikuwa nimepeleka posa mara moja, ikarudi na maneno: "Kijana yule kila kitu kwake mzaha. Hana adabu."

Basi nikaishika hiyo sataranji yake. Ni ile ile, ila kete inayokimbia, iwe ngome, ndovu au waziri, ikifika nyumba inayogusana na shaha wa mwenzio lazima isimame pale pale, imwamkie. Haipiti. Zamu yako imekwisha.

"Utampitaje mtu mzima kama hukumwona?" mzee husema.

Farasi tu ndiye kasamehewa. Anaruka, hapiti.

Alasiri moja akanibana kwelikweli. Shaha wangu kajikunyata pembeni, tegemeo langu waziri peke yake. Mara ngome ya mzee ikashuka mbio, ikampita shaha wangu ubavuni, ikamla waziri kule chini.

"Piga shahada, bwana," akasema jirani yake, muuza samli, aliyekuwa akitutazama.

Mimi nikaitika kwa sauti: "Marahaba!"

Mzee akainua macho. "Nani kakuamkia?"

"Si mimi, baba. Ni shaha wangu huyu. Kaona mtu anapita, akadhani kaamkiwa."

Muuza samli akakohoa, akageukia barabarani. Nikajisemea, mdomo umekwisha kuniponza, posa ya pili hata safari haitafunga.

Mzee akalitazama lile bao. Akanirudishia waziri wangu. Akaivuta ngome yake polepole kwa kidole mpaka ubavuni mwa shaha wangu, akaiacha hapo.

"Shikamoo," akasema, taratibu, kama anaamkia mtu hasa.

Sikucheka. Nikaichukua ngome yake, nikaila.

"Naamkia, halafu naliwa?"

"Sheria zako, baba."

Hapo akacheka, kofia ikamwendea upande, muuza samli naye akapumua.

Mchezo alishinda yeye, tena bila taabu. Adhana ya magharibi ilipoanza, akawa anazipanga kete ndani ya kisanduku chake, hanitazami.

"Waambie wazee wako waje tena," akasema. "Na wewe siku hiyo ubaki kwenu. Wasije wakaanza kusema, ukawaitikia marahaba."