Nilimfungia Mama Mkwe Mlango, Jua Likabaki Nje

Kosa ni langu, na sitamsingizia shetani. Miguu ya binti yangu niliipinda mimi, kwa kisasi, na wakati naipinda nilikuwa nacheka.

Tulifika Eldoret miaka ile ya kwanza ya uhuru, jamaa wengi kutoka upande wa Nyeri, tuliochanga tukanunua shamba la mzungu karibu na Turbo. Kabla vipande havijapimwa, tulikaa wote katika nyumba yake, vyumba tukagawana kwa kura. Mume wangu aliokota chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea verandani, pale jua la asubuhi linapopiga. Nilishukuru Mungu, maana nilikuwa na mimba ya miezi minane.

Mama mkwe akamwita kando. Alimtaka ampe mdogo wake chumba hicho, kwa sababu mke wa mdogo wake alishazaa mvulana, na mimi sikuwa nimezaa kitu. Mume wangu akakubali! Tukahamia stoo ya nyuma, alikokuwa mzungu akiweka matandiko ya farasi. Dirisha lilikuwa dogo kama la banda la kuku, na nje yake mikaratusi ilikuwa imeziba jua lote.

Nilizaa msichana. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto wangu akabeba jina la adui yangu. Hapo ndipo nilipopata silaha. Niliapa kwamba yule mama atalisikia jina lake likilia nyuma ya ukuta, lakini hatalipakata.

Kila asubuhi alitandika gunia verandani, akawaketisha wajukuu wengine juani, kisha akaja kubisha kwangu. Nilimwambia mtoto amelala. Kesho yake, mtoto ana homa. Nikienda kulima, nilipitia mlango wa nyuma nikiwa nimemfunika shuka hadi kichwani, nikamlaza kwenye kibanda cha shambani.

Siku moja alisema mlangoni, "Hata kama unanichukia mimi, toa huyo mtoto jua imuone."

Alikuwa ananiomba mimi! Nilifurahi! Siku hiyo nilikula nikashiba.

Mwaka na nusu ukapita. Mtoto aliposimama, magoti yalitazama huku na huku. Nilimkimbiza kliniki mjini. Nesi, mama mmoja Mkalenjin, alishika vifundo vya mikono vilivyovimba, akaniuliza, "Huyu mtoto, unaweka wapi?"

Nilimwambia, ndani. Akanieleza kwamba jua likipiga ngozi, mwili hujitengenezea vitamini D, na mtoto akiikosa, mifupa yake hubaki laini na kupinda ikibeba uzito. Maziwa yangu peke yake hayakutosha. Alinipa mafuta ya samaki, akasema nimtoe juani kila asubuhi.

Na jua la asubuhi lilikuwa wapi? Verandani kwao!

Nilipita mbele ya watu wote na mtoto wangu mwenye matege, nikingoja wanicheke. Mama mkwe alisogea tu kwenye gunia. Alimpokea, akaishika ile miguu kwa muda mrefu.

"Hii ni jina yangu umefanya hivi," akasema.

Hakunisemesha tena mpaka tulipomzika. Na mimi, nisidanganye, ile veranda sijamsamehe hadi leo.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Miguu ilinyooka kidogo, haikunyooka yote. Juzi aliniuliza kwa nini miguu ya binamu zake si kama yake, nikamwambia alizaliwa hivyo. Naogopa asije akajua ukweli. Yeye ni damu yangu na ana jina la bibi yake, na sisi wote wawili, mimi na huyo bibi, hatukujua kusamehe.

Kina mama wenzangu, wachukieni mama wakwe zenu, mimi nani niwazuie? Lakini ukitaka kununa, jifungie gizani peke yako. Mtoto mwache juani.