Pembe za Shangazi

Pale kwetu Kimanga mtu akikuambia umeota mapembe, maana yake umeanza kujiona. Kanisani mapembe ni ya Shetani. Kwenye picha ya chumba cha katekesimu amepewa mawili mafupi kama ya mbuzi, nami niliwahi kumuongezea la tatu kwa kalamu ya biki, nikapigishwa magoti misa nzima. Wafugaji walioshuka kutoka milima ya Mulenge wakisema pembe wanawaza ile ya kupuliza, ya kuwaita watu kama ng'ombe wamepotea. Nyumbani kwetu pembe ilikuwa fufu na maharage.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kuumika watu. Alikuwa na pembe tatu za ng'ombe wa Luberizi, zimekatwa nchani na kutobolewa tundu dogo. Mtu mwenye mgongo mbaya alilala kifudifudi kwenye mkeka uani. Shangazi aliweka mdomo mpana wa pembe juu ya ngozi, akavuta hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, halafu akaliziba kwa nta aliyoificha chini ya ulimi. Ngozi ilipovimba aliitoa pembe, akanipa niipanguse, huku yeye akichanja mahali pale kwa wembe. Kisha nilimrudishia pembe, naye akaivuta mara ya pili. Safari hiyo damu ilitoka, nyeusi, nzito kama mafuta ya mawese yaliyoganda. Watu waliinuka wakisema wamekuwa wepesi.

Shuleni kazi hiyo ilinipa jina. Aliyenipa ni direkta wa nidhamu, mwanaume mwenye tai fupi na mate mengi. Siku moja nilishindwa hesabu ubaoni, akaniambia mbele ya klasi nzima:

"Weye, kwenu bado munanyonya watu damu na mapembe. Hesabu itaingia wapi mu kichwa kama hicho?"

Klasi ilicheka. Mimi pia nilicheka, maana ni mimi ninayechekesha pale, sikutaka mwingine achukue nafasi yangu. Tangu hapo nikaitwa Bibi Pembe. Kwenye daftari waliandika Bibi Pembe, kwenye mlango wa choo pia, na mchoro.

Sasa fikiria furaha yangu Jumamosi moja asubuhi, direkta huyo huyo alipoingia uani kwetu, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi, anatembea kama amemeza ufagio. Hakujua kama ni kwangu. Aliponiona alisimama.

"Karibu, mwalimu," shangazi akasema. "Ni mgongo?"

"Ni mgongo, mama. Lakini hii mambo ibaki hapa."

"Inabakia hapa. Vua shati, ulale."

Wanawake wawili walikuwa wanangoja zamu yao kwenye benchi. Mmoja alikuwa mama jirani yetu, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mwanamke ambaye habari ikimwingia asubuhi, saa sita imefika sokoni.

Nilikwenda nyuma ya choo, palipoota pilipili ya shangazi, zile ndogo zinazotazama juu. Nilichuma nne, nikaziponda ndani ya kitambaa cha kupangusia. Sikufikiri sana. Ningefikiri, ningechuma sita.

Shangazi alivuta mara ya kwanza, akatoa pembe, akanipa. Wakati anachanja, mimi nilipangusa. Nilipangusa vizuri, ndani na nje, mpaka kwenye tundu. Nikamrudishia.

Akavuta. Niliona macho yake yanajaa maji, shingo inasimama. Aliing'oa pembe palepale, lakini pilipili ilikuwa imeshaingia mahali pa wembe. Direkta wa nidhamu alilia kama mbuzi aliyefungwa mguu. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akamwita mama yake. Shangazi alimmwagia ndoo nzima ya maji mgongoni, midomo yake yeye mwenyewe imeanza kuvimba.

"Unataka kuniua, mama? Umeweka nini mule?"

"Nisamehe, mwalimu."

"Nauliza umeweka nini."

"Nisamehe."

Mwanaume alichukua shati lake akatoka nusu uchi, na wale wawili kwenye benchi wakatazamana. Kwenye avenyu yetu mtu anayeomba msamaha bila kueleza kosa ameshahukumiwa.

Jumatatu direkta hakuja shuleni. Wakati wa rekreasio, tulipotoka kucheza, nilipanda juu ya benchi nikawaonyesha yote: mkeka, ufagio uliomezwa, mbuzi, mama yake. Waliokuwa wanaandika Bibi Pembe walishika matumbo. Mmoja akauliza, "Lakini mule mu pembe mulikuwa nini?"

Ningeweza kusema pilipili. Pilipili haichekeshi vya kutosha.

"Muko kitu," nikasema. "Shangazi anakifuga. Kinakula walimu tu."

Walicheka mpaka kengele. Halafu walirudi makwao na maneno yangu, wakayasimulia kwenye sahani za fufu, na mama zao hawakucheka. Kufika Alhamisi kile kitu kilikuwa hakichagui tena walimu. Mtoto mmoja wa avenyu, aliyeumikwa mwezi uliopita, alishikwa na homa, na mama yake akasema sasa ameelewa. Benchi letu lilibaki tupu. Mtu aliyepita mbele ya nyumba alivuka kwanza upande wa pili.

Jumapili baada ya misa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja na watu wengi kuliko uwezo wa ua wetu. Direkta hakuwemo. Angekuja, ingebidi aseme alitafuta nini kwa wanyonya damu.

"Mama, hatuseme unaroga watu, hatukuite mulozi," shefu akasema. "Lakini watu wanaogopa. Uchome hizi pembe mbele yetu, ao uhame."

"Nikizichoma nitakula nini?"

"Hiyo sijue."

"Aseme mutoto," mama ndagala akaingilia. "Yeye anaishi mule. Anazipangusa kila siku."

Shefu akanigeukia. "Weye, sema. Mu pembe muko nini?"

Shangazi alinitazama. Hakunipa ishara yoyote, wala ya kusema wala ya kunyamaza. Akilini nilimwona direkta na kitabu chake cha kufukuza wanafunzi. Niliwaona wa klasi yetu wakijua kwamba kitu kinachokula walimu ni pilipili nne za nyuma ya choo.

"Minye sijaangalia ndani," nikasema.

Watu walisogea nyuma hatua moja. Hilo lilitosha. Shangazi aliingia nyumbani, akazileta zote tatu kwenye sinia, akazipanga chini mwenyewe. Mama ndagala alikuwa amekuja na petroli kwenye chupa, tayari. Pembe haiwaki kama kuni. Inatokota, inanuka nywele na kucha, na inachukua muda mrefu, na watu walisimama muda wote huo. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba nyama ya brosheti imeiva. Wachache walicheka.

Walipoondoka shangazi alifagia majivu.

"Ile pilipili ilikuwa ya kwangu?" akauliza.

"Ya nyuma ya choo."

"Niliijua. Ilikuwa bado mu kinywa Jumanne."

"Mbona hukusema?"

"Wangekufukuza shule." Akamwaga majivu kwenye shimo. "Na weye, mbona hukusema?"

"Wangenifukuza shule."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu iliyokubali.

Alingoja wiki tatu, hakuja mtu hata wa kuulizia. Akafunga mkeka na nguo, akapanda gari la Luberizi. Huko anapalilia mpunga wa watu, na mgongo wake siku hizi ndio unaouma. Hakuna wa kumuumika.

Mimi nimebakia Kimanga ili nimalize masomo. Nalala kwa mama ndagala, aliyenipokea kwa huruma, eti nimeokoka. Ananilisha vizuri. Tukiwa mezani huwaambia wageni jinsi shangazi yangu alivyokuwa mulozi na jinsi petroli yake yeye ilivyosafisha avenyu, halafu hunigeukia nithibitishe. Kinywa changu huwa kimejaa. Naitikia kwa kichwa, naongeza ndagala.