Bomba la Pikipiki Lililotangaza Posa ya Kaka

Sijui nitapitaje tena Pongwe mchana, lakini heri niandike mwenyewe kuliko kusimuliwa na watu. Bomba la moshi la pikipiki ya Ami Hamza lilikuwa limeliwa na chumvi ya safari zake za Pangani, naye akanituma niisukume pikipiki (kuendesha sijui) hadi kwa fundi huko Makorora nikachague jingine.

"Chagua la kimya," akasema, "kesho twaenda Pongwe kumposea kakako."

Maana posa kwetu haianzi kwa kelele. Mshenga huingia taratibu, ili akikataliwa jirani asijue.

Fundi alinionyesha mawili ya kuchomeka, moja jeusi lenye kutu, jingine lang'aa kama sinia mpya.

"Wataka nikuwashie usikie?"

Sasa pale barazani wamekaa wasichana wanasuka ukili wa mikeka, wote wananitazama, nami kwa haya zangu nikasema hapana, tia hilo linalong'aa, kisha nikaondoka nasukuma mbiombio.

Asubuhi Ami alipoipiga teke, kuku wa mtaa mzima waliruka. Akaizima, akanigeukia.

"Hili ndilo la kimya?"

Ahadi ilikwishawekwa, basi tukaenda hivyo hivyo, tukaizima njia panda tukaisukuma, na tungesalimika, ila bomba likachomoka mlangoni kwa Mzee Kombo, babake binti, nami nikaliokota kwa mkono mtupu (lilikuwa bado moto), nikapiga ukelele, nikalifunika kwa kanzu niliyoazima kwa kaka Salehe, huyo huyo anayeposewa, kanzu ikaanza kufuka moshi.

Watu wakatoka kila nyumba.

"Kwani kuna posa?" akauliza bibi mmoja, na mwenziwe akapiga kigelegele kabisa.

Nilimwamkia Mzee Kombo shikamoo mkono ukiwa ndani ya ndoo yao ya maji.

"Marahaba. Ami yako ndiye mshenga, na wewe mpiga mbiu?" Akamgeukia Ami. "Nikikataa leo, mji mzima utaniuliza sababu, na nikikubali watasema nimetishwa kwa mzinga. Rudini Ijumaa, kwa miguu."

Ijumaa Ami na wazee wakaenda, mimi nikaachwa, na kaka kakubaliwa. Ila binti ametuma salamu kwamba siku ya harusi shemeji mpiga mbiu asisahau bomba lake.

Kanzu nimeitia kiraka. Na nimeapa, fundi akiniuliza tena kama nataka kusikia, nitasikia, hata wasuka ukili wa Makorora wote wasimame kunitazama.