Kwa Nini Kila Filamu Yake Iliishia Mlangoni

Nakumbuka mchana mmoja wa theluji kule Herndon, Marekani, mwanangu, mchana mweupe ambao hata ndege za uwanja wa Dulles zilikuwa zimenyamaza. Nilikuwa bado kijana, naishi mji wa Germantown na wenzangu, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzee wa Kihindi aliyeitwa Mama Kamla. Alizaliwa Bombay, akaolewa Kisumu, akaishi huko hadi mwanawe alipomleta Marekani. Kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, kile cha dukani, kifupi, kisichozunguka.

Tulikuwa tunatazama filamu ya mwongozaji niliyempenda tangu utotoni. Kwetu Nakuru, filamu zake zilijaza ukumbi wa sinema kila Jumapili. Kihindi hatukujua hata neno, lakini palipotakiwa kilio tulilia. Vijana walichana nywele kama mashujaa wake, na sikumbuki harusi ya mtaani kwetu iliyopita bila nyimbo za filamu zake. Karibu zote ziliisha namna moja: mtoto aliyepotelea mjini anarudi kwao, ndani ya gari refu jeupe, na mama yake anafungua mlango.

Mimi nililibeba gari hilo kichwani hadi Marekani. Niliapa sitarudi nyumbani mpaka nifanane na yule mtoto. Mama akipiga simu namwambia mwaka ujao, nikimaliza masomo ya uuguzi, nikipata nyumba yangu. Naye hujibu sawa tu, wala hanilaumu.

Basi filamu ilipofika mwisho nikamwambia Mama Kamla kwamba iko siku nami nitafika kwetu hivyo. Akachukua rimoti, akaisimamisha picha. Yule mama akabaki pale mlangoni, jua limemwangukia usoni, na nje ya dirisha letu theluji ikawa inashuka bila haraka, hata nikahisi chumba chote kinaelea.

Ndipo aliponisimulia. Kabla ya kuolewa alikuwa mshonaji wa mavazi kwenye filamu za mwongozaji huyo; hata pindo la ile sari ya kijivu ya mama mlangoni alilishona yeye. Mwongozaji, akasema, alitoka kijijini akiwa mvulana, akaapa harudi mpaka jina lake liandikwe kwenye mabango. Lilipoandikwa, akanunua gari, akaenda. Aliyemfungulia ni jirani. Mama yake alikuwa ameshakufa na kuchomwa kwa desturi yao, na barua za kumwita zilimkosa, maana alikuwa akihama kila mara. Tangu hapo kila filamu aliyotengeneza aliimalizia mlangoni. Alirudia onyesho hilo mpaka waigizaji wakachoka, na watu wakadhani anatafuta mwanga mzuri.

"Watu walikuja kuona gari," Mama Kamla akaniambia. "Yeye alikuwa anaangalia mlango tu." Kisha akaniuliza, "Mama yako yuko hai?"

Nikasema yuko.

"Sasa unangoja nini?"

Jioni ile ile nikaulizia bei ya tiketi, mwanangu.

Nilisafiri kabla majira yale ya baridi hayajaisha, na begi la kuazima. Kutoka stendi ya Nakuru nilitembea kwa miguu hadi viatu vikabadilika rangi kwa vumbi. Mama alinifungulia akiwa na unga mikononi. Alinitazama kama mtu anayeogopa kuamshwa. "Umekonda," akasema. "Ingia ule."

Hatukufanya lolote kubwa siku zile. Tulichambua mboga, tukalala mchana kitanda kimoja, pazia likipepea juu yetu, yeye akihema taratibu ubavuni mwangu. Alifariki mwaka uliofuata, nikiwa bado mwanafunzi.

Juzi baada ya ibada nilikuuliza utaenda lini kumwona mama yako, ukanijibu, "Anti, nitaenda home nikisettle." Sipingi bidii yako. Soma, jenga, upandishwe cheo. Ila ujue kwamba mzazi hangojei ulichopata, anakungojea wewe, na umri wake hausimami kukusubiri. Kata tiketi mwaka huu. Fika na uchovu wako, fika hivyo ulivyo.

Mungu akupe safari njema angani na nchi kavu. Amlinde mama yako hadi umkumbatie, uisikie sauti yake ikiwa bado na nguvu. Uende salama, mwanangu, na urudi kwetu umeshiba.