Kinywa cha Kuazima

Nilipokuwa mtoto nilikuwa natafuna tende kwa ajili ya kinywa cha mtu mwingine, na mpaka leo tende siiweki mdomoni. Ramadhani wenzangu wanafuturu kwa tende, mimi nafuturu kwa maji, na wanaoniuliza sababu nawaambia meno yananiuma. Meno yangu mazima kabisa. Roho ndiyo inayochafuka.

Mimi na mama tulikuwa tunakaa Kiembe Samaki, Unguja, karibu na uwanja wa ndege, nyumba moja na bibi yangu na mdogo wake mama, ambaye mimi namwita mama mdogo. Mama mdogo alikuwa na mtoto mmoja tu, Salha, niliyempita kwa miaka michache. Salha alikuwa hasemi. Alikuwa akilia, akicheka, akikuvuta kanga kukuonesha kitu, lakini neno halikumtoka. Mimi nilikuwa sinyamazi. Nyumba nzima wakiniita Redio, na mama akisema siku nikifa mdomo wangu utachimbiwa kaburi lake peke yake.

Leo mtu angeuliza kwanza kama mtoto anasikia. Kwetu swali hilo liliulizwa mara moja likafungwa, na zilizolifunga ni ndege. Zilikuwa zikishuka juu ya mapaa yetu mpaka mabati yanatetemeka na vikombe vinagongana kabatini, na kila moja ikipita Salha aliinua kichwa akatazama juu pamoja nasi.

"Mtoto anasikia huyu," Bibi akasema. "Mbona ndege anaisikia? Ulimi ndo mzito."

Ikawa ndiyo hukumu. Hakuna aliyejaribu kumwita kwa nyuma, hakuna aliyempeleka kwa daktari wa masikio.

Dawa ya ulimi mzito ililetwa na jirani yetu, Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Chwaka, aliyekuwa anajua ugonjwa wa kila mtu kabla mwenyewe hajaugua. Kwetu mtoto mchanga hupakwa kaakaani tende iliyotafunwa na mtu mwema, ili naye akue na wema huo. Ni jambo zuri, sina neno nalo. Bi Mwanaidi alilichukua jambo zuri hilo akalipindua. Akasema mtoto asiyesema naye hutafuniwa, ila na msemaji, na kila asubuhi ya Ijumaa huyo msemaji asitamke neno tangu kuamka mpaka atafune, ili maneno yote yabaki kwenye mate. Akakiita kinywa cha kuazima. Wanawake wote wakageuka wakanitazama mimi.

"Na mwanangu hatopungukiwa?" Mama akauliza.

"Atapungukiwa kidogo. Lakini huyu si ana ziada? Sauti itahama, haitohama yote."

Basi tukaanza. Ijumaa asubuhi nilikuwa nakaa juu ya kigoda ukumbini, kimya, shavu limejaa tende, natafuna mpaka inakuwa uji. Bibi alikuwa akinikinga kiganja chini ya kidevu na kusema, "Tema." Natema. Kiganja chake kilikuwa kikinuka tambuu aliyokuwa akitafuna, na mate yangu yalikuwa yakivutika kutoka mdomoni mwangu mpaka mkononi mwake bila kukatika. Kisha alikikomba kile kitu kwa kidole akakitia kinywani mwa Salha. Salha alikuwa akiyakaza meno. Mama mdogo alimziba pua mpaka aachame, halafu akaushika ule mdomo ufungike hadi ameze. Nilikuwa nikiona koo lake dogo linapanda na kushuka. Hakuna mtu mzima aliyeonesha kinyaa. Walikuwa wakinuia dua, na mtu aliyeshughulika na dua haangalii kilichopo mkononi mwake.

Ijumaa moja niliamka na homa na koo limefunga. Nilitaka kumwita mama ikatoka hewa tupu. Mtoto mwingine angepikiwa chai ya tangawizi. Mimi nilipigiwa kigelegele.

"Imehama!" Bibi akapiga kelele. "Sauti imehama! Njooni jamani!"

Wakaja. Tende nikatafuna kama kawaida, Salha akalishwa. Halwa ikanunuliwa, kahawa ikapikwa, majirani wakajaa ukumbini. Salha akavishwa nguo yake ya Sikukuu akakalishwa katikati ya mkeka, na mama mdogo akapiga magoti mbele yake, uso unang'aa kwa furaha. Sijapata kumwona tena na uso ule.

"Sema mama, mwanangu. Sema, ma-ma."

Salha akamtazama mdomo. Akatazama na midomo ya wengine, maana kila mtu sasa alikuwa anasema mama, mama, mama, na midomo mingine ina halwa ndani. Akatabasamu. Alidhani ni mchezo. Wakaendelea mpaka kahawa ikapoa, na wageni wakaanza kuangaliana.

Bi Mwanaidi akasema sauti ipo, inaona haya tu, inataka kushituliwa. Mama mdogo akamfinya Salha mkononi, upande wa ndani kwenye nyama laini. Salha akalia.

"Hicho kilio, si neno," Bi Mwanaidi akasema. "Tena."

Akamfinya tena. Na tena. Mama mdogo mwenyewe alikuwa analia, anamfinya mtoto huku anambembeleza, "Sema basi, sema wakuache," na mkono wa Salha umekwishaanza madoa. Mimi nilikuwa mlangoni napiga makelele kwamba wamwache. Nilikuwa napiga makelele kwa nguvu zangu zote na hakuna kilichotoka. Mwisho Salha alitapika, tende yote ya asubuhi ile, kwenye mapaja ya Bi Mwanaidi.

"Aka!" Bi Mwanaidi akaruka. "Uchafu gani huu!"

Na hilo ndilo swali langu hadi leo. Uchafu ulikuwa umejaa ukumbini tangu asubuhi, wao wameuona ulipoangukia kwenye nguo.

Sauti yangu ilirudi baada ya siku chache, ikapokewa kwa huzuni. Ikaamuliwa kwamba ulimi wa Salha umekataa. Wakati wa kuandikishwa skuli ulipofika, Bibi aliuliza asiyesema akafanye nini skuli, na hakuna aliyembishia. Mimi nikasoma. Salha akabaki nyumbani, akafundishwa kushona kofia kwa kuangalia mikono ya watu, na akazishona vizuri kuliko walimu wake. Lugha hakupewa, ya kinywa wala ya mikono.

Sasa nasomea ualimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kwenye fomu ya maombi nilisema nimechagua kwa kupenda watoto. Nilichagua kwa hasira, nikaona aibu kuiandika. Siku moja mkufunzi wetu alikuwa anaeleza namna wazazi wanavyodanganyika. Akasema kiziwi huhisi mtetemo kifuani na miguuni, tena huona macho ya wenziwe yanapoelekea. Lori zito likipita, anageuka. Ndege ikipita, anatazama juu. Akasema pia kwamba mtoto asipopewa lugha mapema, iwe ya sauti iwe ya ishara, huja kuisaka ukubwani kwa taabu. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasukutua kinywa penye bomba la maji.

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani. Salha alikuwa kitandani anashona, amenipa mgongo. Nilichukua sufuria nikaipiga kwa mwiko nyuma ya kichwa chake mpaka masikio yangu yakauma. Akaendelea kushona. Nikaweka sufuria chini, nikakigonga kitanda kwa kiganja. Akageuka.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote.

"Lakini ndege anaisikia," akasema, taratibu sana.

"Anaihisi, mama mdogo. Hasikii. Hajasikia hata siku moja."

Akainama akaiokota sufuria. "Ndo kadari ya Mungu, mwanangu."

Nikampokea sufuria, kwa kuwa ni mkubwa wangu na nywele zimeshamgeuka. Lakini uziwi ndio uliokuwa kadari ya Mungu. Zile Ijumaa zilikuwa zetu.

Tangu hapo kila mwisho wa wiki nakaa na Salha, namfundisha ishara ninazojifunza chuoni. Maji, sindano, jana, kesho. Jana na kesho zilituchukua muda mrefu sana. Kisha mwalimu wetu wa lugha ya ishara, naye kiziwi, akatutaka kila mmoja aje na jina lake la ishara. Mtu hajipi mwenyewe, akatueleza. Hupewa na kiziwi anayemjua.

Nilifurahi kijinga. Nilikwenda kwa Salha na picha za nyumbani nikamuonesha moja moja, nikimuuliza huyu nani. Kumbe sote alikuwa ametupa majina zamani, ya kwake peke yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Bibi, marehemu sasa, ni shavu lililojaa tambuu. Mamake mwenyewe ni kujifinya mkono, upande wa ndani. Alifanya bila hasira yoyote, kama mimi ninavyosema mama mdogo. Nikajionesha mimi. Alifanya kama anatoa kitu kilichotafunwa kinywani kwa vidole, akakirudisha kwenye midomo, akakunja sura yote na kutoa ulimi nje. Halafu akanitabasamia, akarudi kwenye kofia yake.

Darasani nililifanya lile jina mbele ya watu. Mwalimu akauliza limetoka wapi, nami nikaeleza yote. Wengine walicheka, wengine walitazama mezani. Akanishauri nimuombe jina jingine. Nikakataa. Salha alikaa miaka yote hiyo na sisi bila neno hata moja tulilompa, akatengeneza la kwake, na hilo ni la kweli. Mimi nani hata nimsahihishe?

Hivi sasa nipo kwenye mazoezi ya kufundisha, kwenye darasa la watoto viziwi. Kila asubuhi watoto wananiita kwa vidole mdomoni na sura iliyokunjwa, ulimi nje. Wanakunja vizuri sana, na mimi naitika.