Nusu Kabichi

Mtu mmoja hamalizi kabichi. Hilo nimejifunza uzeeni, na wala sikuomba kufundishwa. Unalikata Jumatatu jioni, unakaanga kiasi chako, Jumanne lipo, Jumatano lipo, Alhamisi ukifunua beseni bado linakutazama. Nikaanza kununua nusu. Yule mama anayeuza mboga pale Maili Moja, jirani na kibaraza ninachoshonea, alinikatia nusu ya kwanza huku anacheka.

"Fundi, leo nyumbani hakuna watu?"

Nikamjibu kwamba watu wapo tele, ila maisha magumu. Uongo mtupu, na yeye alijua, maana kabichi ndiyo mboga rahisi kuliko zote mezani kwake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, mapazia, na kanzu zikikaribia sikukuu. Kutwa nzima malori ya kwenda bandari kavu ya Kwala yananipitia mbele na vumbi lake, nami napiga cherehani huku nimenuna. Wateja wamezoea. Nyumba yangu iko Tangini, watoto wetu wawili wameshaoa na kuolewa, wako mbali na maisha yao. Tulikuwa tumebaki mimi na mke wangu. Halafu baba mkwe akafariki huko Kisarawe, mke wangu akaenda msibani, na hakurudi.

Sababu ilikuwepo, tena ya heshima. Mama mkwe alikuwa anakaa eda, miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nje hovyo na hajipambi, na mke wangu ndiye binti yake pekee. Nani angemchotea maji? Nani angempikia? Majirani wakiniuliza nilisema, "Yuko kwenye eda ya mama yake," nao wakaitikia, "Mungu awape subira." Ambacho sikumwambia mtu yeyote ni kwamba nilikuwa sina hakika kama eda ikiisha atarudi. Na nilijua kosa ni la nani.

Ngoja niseme lilivyokuwa, nisijipendelee.

Kwa miaka mingi, nikitoka kazini, nikishaswali magharibi, nilikuwa nakaa mkekani, nafunua sahani, nasema maneno mawili: "Kabichi tena?" Ndiyo ilikuwa salamu yangu. Sikusema ahsante wala habari za kutwa. Kipato cha fundi cherehani mnakijua, nyama ni ya sikukuu na siku mteja akilipa kwa wakati, kwa hiyo kabichi lilikuja mara nne, mara tano kwa wiki. Nilikuwa natia chumvi hata sijaonja. Mke wangu hakuwahi kujibu. Alikuwa anasogeza maji ya kunawa, basi.

Sasa siku ya tatu ya msiba wa baba yake, baada ya hitima, nilikuwa nimekaa barazani nje na wazee wa Kisarawe. Chakula cha watu wote kilikuwa kimeisha. Mke wangu, na uchungu wake wote, na macho yamevimba, alikuwa ameniwekea changu pembeni. Akaja nacho amekifunika kwa kawa. Akainama akaniwekea mbele. Nikafunua. Wali na kabichi la nazi.

Kwetu sisi mkwe ana heshima zake. Mwanamume hali chakula mbele ya mama wa mke wake, hata awe na njaa ya kuanguka. Mimi nikaikumbuka mila hiyo palepale, kwa haraka ya ajabu. Nikaisukuma sahani kwa mkono na kusema kwa sauti, ili wazee wasikie, "Siwezi kula hapa. Mama mkwe yupo."

Mke wangu akanong'ona, "Mama yuko ndani. Pazia limeshushwa."

"Heshima ni heshima," nikasema.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakanisifu. Huyu ndiye mkwe, wakasema, siku hizi vijana hawana haya, wanakula na wakwe zao sahani moja. Nami nikavimba kichwa! Mke wangu akaiokota ile sahani, akaifunika, akaondoka nayo.

Mila nilikuwa nimejifichia tu. Kilichonishinda pale ni kabichi. Saa moja baadaye nilijifanya nakwenda kunyoosha miguu, nikateremka mpaka stendi, nikala chipsi mayai. Niliporudi kuaga, mke wangu alinitazama kifuani. Kanzu yangu nyeupe, niliyoishona kwa mkono wangu mwenyewe, ilikuwa na doa la tomato. Akaniambia nifike salama, akaingia ndani.

Ndiyo nikarudi Tangini peke yangu na doa langu.

Wiki ya kwanza nilikula kwa mama ntilie. Wiki ya pili tumbo likakataa na mfuko ukakataa, nikasema kwani kupika ni nini? Mtu nimekata suti, nitashindwa kukata kabichi? Nikalikata vipande vya kiganja, nikajaza maji sufuria, nikafunika, nikaenda kusikiliza taarifa ya habari. Niliporudi nilikuta uji wa kijivu unaonuka nyumba nzima. Nikaula. Ningemlaumu nani? Nilifunua sahani, na maneno yangu mawili yakanijia mdomoni kama kawaida, na hapakuwa na wa kuyasikia. Wallahi siku ile nililia. Mzee mzima, ugali mkononi.

Nikaanza kukumbuka. Nikakaa nikajiuliza, lile la Jumatatu lilikuwa likoje? Lilikuwa limekatwa nyembamba kama nyuzi, na karoti na hoho, bado linalia menoni. Jumanne lilikuwa na dagaa waliokaangwa kwanza mpaka wakakauka. Siku nyingine lilikuwa na karanga za kutwanga, zito, la kuliwa na ugali wa muhogo aliotumiwa na baba yake. Kuna siku aliligongea mayai mawili, kuna siku alitia viazi na binzari likawa la njano, kuna siku hakulipika kabisa, alilikamulia ndimu na kitunguu na pilipili tukala na maharage. Ijumaa lilikuwa la nazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nalishwa vyakula saba na kuviita jina moja.

Nikajaribu moja moja. La karoti niliweza jaribio la tatu, baada ya kuelewa kwamba moto uwe mkali na mtu asiende kusikiliza redio. La dagaa niliunguza mara mbili. La nazi likanishinda kabisa, tui linakatika, linaelea mafuta juu na maji chini, aibu tupu. Ilibidi niulize. Lakini kumpigia mke wangu simu nimwambie napika kabichi? Mimi? Aa wapi.

Nikampigia. Tukasalimiana, nikauliza hali ya mama, akasema shukrani, mama hajambo. Nikakohoa.

"Kuna mteja wangu hapa," nikasema. "Ana shida. Akipika kabichi la nazi, tui linakatika. Anauliza afanyeje."

Mke wangu akauliza,

"Mteja mwanamke au mwanamume?"

"Mwanamume."

"Mwambie huyo mteja aanze na tui la pili. Tui la kwanza aliweke mwishoni, apunguze moto, akoroge bila kuacha. Na asifunike."

"Nitamwambia."

"Na mwambie asitie chumvi kabla hajaonja."

Akakata simu. Nikabaki nimeshika kijiko jikoni, nacheka na moyo unaniuma.

Basi yule mteja akawa na maswali mengi. Mara anataka kujua karanga zinaingia lini. Mara dagaa wanatolewa vichwa au la. Kila Jumatano na kila Jumamosi nilimpigia simu mke wangu kwa niaba ya mteja, naye akamjibu vizuri, kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. Na kila tulipomaliza mambo ya mteja, mazungumzo yakaisha. Nilikuwa na swali langu mwenyewe moja tu, utarudi?, na lilinikaa kooni miezi minne. Niliogopa jibu. Bora niendelee kupika.

Jioni ndizo zilikuwa mbaya. Mchana una kelele zake, wateja, malori, yule mama wa mboga na utani wake. Lakini ukishaswali magharibi, ukapakua, unagundua kwamba hakuna mtu duniani anayejua kuwa leo kabichi lako limetoka vizuri. Kuna jioni lilitoka vizuri kweli, la mayai, hata mimi nilishangaa. Nikasema kwa sauti, "Ebo! Onja hili." Nikamwambia nani? Ukuta. Nikafunika, nikalala mapema.

Eda ilipokaribia kuisha nilihesabu siku kama mtoto anayesubiri Idi. Asubuhi ya siku yenyewe niliamka kabla ya alfajiri, nikakuna nazi mwenyewe juu ya mbuzi, nikakamua tui la kwanza mbali na la pili mbali. Nikakata kabichi nyembamba kadiri macho yangu yalivyoruhusu. Nikakoroga bila kuacha. Halikukatika! Nikalimimina kwenye hotpoti yetu ya maua, ile tuliyopewa binti yetu alipoolewa, nikaifunga kwa kitambaa, nikaipakata mapajani safari nzima mpaka Kisarawe.

Nilikuta dua imeshasomwa, watu wanatawanyika. Mama mkwe alikuwa ametoka nje kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye mkeka uani, amevaa khanga mpya, jua linampiga usoni. Nikachutama mbali kidogo, nikamwamkia shikamoo nikitazama chini. Akaitikia marahaba. Mke wangu akatokea jikoni. Alikuwa amekonda. Nikampa ile hotpoti.

Akafungua kitambaa. Akafunua. Akainusa. Akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu vilivyochubuliwa na mbuzi ya nazi. Kisha akaenda kuleta sahani tatu na wali, akapakua palepale uani. Moja akampa mama yake. Moja akachukua yeye. Moja akaniwekea mimi mbele, hatua nne kutoka alipokaa mama mkwe, bila pazia wala ukuta.

Nikaelewa ninachoulizwa.

"Siku ile ya hitima," nikasema, "nilikuwa na njaa. Mama alikuwa ndani, nami nilijua. Sikukataa kwa heshima. Nilikataa kwa kiburi. Ulikuwa umefiwa na baba, ukanikumbuka kwa chakula, nikakusukumia sahani mbele za watu. Nisamehe."

Nikanawa, nikala. Mbele ya mkwe, kijana asiye na haya wa miaka sitini na moja, jasho linanitoka mpaka mgongoni. Nilikula wali wote na kabichi lote, nikatazama chini tu.

"Kula, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mimi mwenyewe macho hayaoni vizuri siku hizi." Akajigeuza akaielekezea uso michungwa yake pale uani.

Mke wangu alikula polepole mpaka akamaliza. Akaweka sahani chini.

"Mwambie mteja wako chumvi imepungua kidogo," akasema.

"Aliogopa kuzidisha."

Akacheka, kidogo sana, kwa pumzi ya pua tu. Nikaona hapo hapo ndipo pa kuuliza, nisipouliza leo siulizi tena. Nikauliza. Utarudi?

Alikusanya sahani, akaziosha, akazipanga. Akasema mama yake hawezi kuachwa peke yake kwa sasa. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe amechoka, kwamba miezi hii minne amekula chakula chake bila mtu kumuuliza kama ni kabichi tena, na chakula kilikuwa kitamu. Alisema hayo kwa upole. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Jua lilipoanza kushuka nikainuka, nikaomba hotpoti yangu nirudi nayo. Alikuwa ameshaiosha na kuikausha, ameishika kifuani. Akaitazama, kisha akatikisa kichwa.

"Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu," akasema, "na leo sina cha kukitilia. Mwambie mteja asubiri."

Nikaondoka mikono mitupu. Yamepita majuma matatu sasa. Nyumba ni ileile, jioni ni zilezile, napika, nala, naosha sahani moja. Hajasema lini, nami sijauliza tena, na mteja ameacha kupiga simu kwa visingizio. Siku hizi napiga mwenyewe, nasema ni mimi, nimepika hiki, nimekumbuka vile ulivyokuwa unakipika.

Jana nimepita mezani kwa yule mama wa mboga. Aliponiona tu akachukua kisu, akaliweka kabichi sawa tayari kulikata. Nikamzuia mkono. Nikamwambia leo nipe zima.