Mazishi ya Kanzo Yanaisha Lini?

Ulimi hauna mfupa, lakini zama za Bunka, miaka mia mbili iliyopita, watu wa Tochihara, kijiji cha milimani mkoani Shinano, walijua kuutia mmoja wakitaka. Kanzo alikata majani ya mlima wa wote kabla baragumu la kufungua msimu halijalia, na kwa kosa hilo yeye na mkewe Okiwa wakatengwa. Hawasalimiwi, hawatembelewi. Mambo mawili tu yaliachwa nje ya adhabu, moto na msiba, kwa kuwa moto hauishii nyumba moja na uvundo wa maiti hauchagui pua.

Kwa miaka miwili Okiwa aliongea na Kanzo peke yake, naye Kanzo hakuwa mtu wa maneno. Kisha Kanzo akafa, na asubuhi ile ile nyumba ikajaa watu.

Wanaume wakaondoka wawili wawili kupeleka habari kwa ndugu. Wanawake wakaliteka jiko, maana mfiwa hashiki moto. Okiwa akaketishwa kando ya maiti, aangalie ubani na ahuzunike. Huzuni haikuja. Zilikuja sauti za jikoni: nani kaolewa, nani kaachika. Akajikuta amesogea hadi mlangoni, ubani ukizimika nyuma yake.

"Shoga, rudi kwa mumeo," Otora, jirani yake, akamwambia.

"Huyo leo hakimbii. Huyo aliyeachika, kaachwa kwa lipi?"

Akaelezwa, tena kwa kituo.

Walipotoka kuzika na kuanza kuosha vyungu, Okiwa aliona midomo ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Akamwendea Jinbei, mkuu wa kijiji, akainama hadi chini.

"Mzee, mazishi huisha lini?"

Jinbei akasema yamekwisha, maana mtu keshafukiwa. Okiwa akauliza, kwa adabu zote, kama kisomo cha siku ya saba si sehemu ya mazishi. Jinbei akakiri kwamba ni sehemu yake, nani aache roho izurure. Na cha mwaka, je? Jinbei akaona maji yanamfika shingoni, akalitupa swali kwa mtawa wa hekalu. Mtawa, aliyekula wali mweupe kwenye visomo tu, hakusita: marehemu hutulia ukishapita mwaka wa thelathini na tatu.

"Basi bado tuko msibani," Okiwa akasema.

Hakuna aliyethubutu kubisha na kumkwamisha marehemu njiani. Adhabu ikabaki palepale, ila aliyekuwa na neno na Okiwa alianza na Kanzo.

"Pole na msiba. Una mbegu za mtama?"

"Nimeshapoa. Ninazo."

Watoto waliozaliwa baadaye walidhani hiyo ndiyo salamu ya nyumba ile.

Mwaka wa nne, msimu wa palizi, Otora alipita mbio. "Pole na msiba, shoga. Niazime jembe."

Okiwa akafungua kinywa aseme ameshapoa, neno likagoma. Akalia kwa sauti, tope mikononi, kwa mara ya kwanza tangu Kanzo afe. Otora alisimama kidogo, akilitazama shamba lake kwa mbali. Kisha akaketi kwenye tuta.

"Hata kuongea hakuwa akiongea," Okiwa akasema.

"Ehe," Otora akasema. "Sasa alikuwaje?"